Ugonjwa Usile Mtaji: Kupanga Pesa za Nyumba Lubumbashi

Nyumba nyingi za Katuba, Kenya au Kampemba, mitaa ya Lubumbashi, hazikosi akiba kwa sababu ya kipato kidogo peke yake. Shida ni kwamba pesa zote hukaa sehemu moja: za unga, za minervali (ada ya shule), za matofali ya parseli (kiwanja cha kujenga), za biashara ya mama sokoni. Mtoto akipata homa usiku, mkono unaingia katika pesa zile zile, na asubuhi hakuna anayejua ni mpango gani umeliwa. Baada ya miezi michache watu wanachoka kupanga, wanasema Mungu atasaidia.

Lakini ugonjwa si mgeni. Nyumba yenye watoto wadogo itapata malaria mvua ikinyesha. Baridi ya Juni na Julai italeta kikohozi. Mzee mwenye presha atahitaji dawa kila mwezi bila kukosa. Gharama inayorudi kila mwaka inastahili kupangwa kama kodi ya nyumba, yaani itengwe kabla ya kitu kingine chochote.

Anza na daftari

Chukua daftari la shule na uandike mwezi mzima, kila jioni, kila kilichotoka. Usiandike "matumizi" kwa jumla. Andika makala (mkaa), sombe (majani ya muhogo), taksi, kifurushi cha simu. Kwa afya, andika kila kitu kinachofuata ugonjwa, maana watu huhesabu dawa tu na kusahau mengine: usafiri wa kwenda na kurudi, fishi ya kuandikishwa kituoni, vipimo vya maabara, chakula cha mgonjwa na cha anayemlinda, na siku ambazo mtu hakuenda kazini. Mara nyingi hizo siku ndizo ghali kuliko dawa.

Kisha kaeni wawili, baba na mama, mkumbuke mwaka mzima uliopita: nani aliugua, mwezi gani, mlitoa kiasi gani. Jumlisheni, mgawe kwa 12. Ikiwa mwaka ulikula dola 240, afya ya nyumba yenu inagharimu dola 20 kwa mwezi, hata miezi ambayo wote wako wazima. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Msiipunguze kwa sababu inatisha.

Tuseme nyumba inaingiza dola 300 kwa mwezi. Mgawo unaoweza kusimama ni huu: kodi 60, chakula 120, makala na umeme na maji 30, usafiri 25, shule 20, afya 20, lengo (mpango wenu mkubwa, kama kujenga) 15, kilio na misaada ya jamaa 10. Lengo la dola 15 linaonekana dogo, lakini kwa mwaka ni 180 ambazo hakuna homa iliyozigusa. Anayejipangia 50 kwa lengo na sifuri kwa afya hufika Desemba mikono mitupu.

Mifuko mitatu, na mtaji pembeni

Gawanya pesa katika mifuko mitatu isiyochanganyika: matumizi ya nyumba, afya, na lengo. Mtaji wa biashara ni kitu cha nne, na hauhesabiwi kama pesa ya nyumba hata siku moja.

Mfuko wa afya ugawe mara mbili. Sehemu ndogo ikae nyumbani kwa noti, ya kutosha taksi ya usiku, fishi na kipimo cha kwanza. Iwe ya faranga zaidi, kwa sababu saa nane za usiku hakuna kambisti (mbadilishaji pesa), na dereva hana chenji ya dola. Ukiweka dola, chagua noti safi na uzilaze ndani ya plastiki katikati ya kitabu. Hapa kwetu noti yenye mpasuko mdogo tu ukingoni hukataliwa, na ile ya dola moja wengi hawaipokei. Farmasi ya usiku haitakuhurumia. Kuna watu wamezunguka mitaa miwili na noti ya 20 iliyochanika huku mtoto anatetemeka mgongoni.

Sehemu kubwa ya mfuko wa afya ikae kwenye simu, M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, katika namba isiyotumika kwa mambo ya kila siku. Usimpe mtu namba ya siri. Ni bora mume na mke kila mmoja awe na akaunti yake yenye nusu ya pesa, ili mmoja akiwa Likasi au Kolwezi, au yeye mwenyewe ndiye mgonjwa, mwingine asikwame. Hesabu pia gharama ya kutoa pesa, na uiongeze juu ya kiasi unachoweka.

Watu huuliza: dola au faranga? Jibu letu ni kuweka akiba katika pesa ile utakayolipia. Kama hopitali unayoitegemea inatoza operesheni kwa dola, weka dola. Kama kituo chako kinatoza faranga, weka faranga ya miezi miwili au mitatu, si zaidi. Kwa miaka mingi faranga ilikuwa ikishuka, ndiyo maana watu wakakimbilia dola, lakini mwaka 2025 faranga ilipopanda ghafla, wenye dola peke yake walipata faranga chache kuliko walivyozoea, na bei sokoni hazikushuka kwa mwendo ule ule.

Kwa mfuko wa lengo, njia ni nyingi. Ya karte ya kila siku, ambapo unampa mkusanyaji kiasi kile kile kila siku, inamfaa anayepata pesa kidogo kidogo: ukiweka faranga 2.000 kwa siku 31, ni 62.000, mkusanyaji anabaki na siku moja, wewe unachukua 60.000. Hatari yake ni mkusanyaji kupotea, kwa hiyo toa pesa yako yote kila mwisho wa mwezi, usimwachie miezi sita.

Likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, ni nzuri kwa lengo, mbaya kwa afya. Watu 10 wakitoa dola 20 kwa mwezi, kila mmoja anapata 200 kwa zamu yake. Zamu ina tarehe, ugonjwa hauna. Omba zamu ya Agosti kama lengo ni shule, na kabla ya kuingia hakikisha una mchango wa mwezi mmoja umewekwa kando. Wanaovunja likelemba wengi si wezi. Waliuguliwa mwezi baada ya kupokea, wakakosa cha kurudisha, na sasa wanapita barabara nyingine kukwepa wenzao.

Chama cha akiba na mkopo, kile kinachoitwa AVEC, kina kitu ambacho likelemba haina: sanduku la mshikamano linalotengwa na pesa za mkopo. Mwanachama akifiwa au akiugua hupewa kiasi kilichokubaliwa. Kabla ya kujiunga angalia mambo haya: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti na hakuna kati yao anayelala na sanduku, hesabu inasomwa mbele ya wote kila mkutano, na riba inajulikana kwa namba.

Kuna pia mutuelle za afya, yaani vyama vya kuchangia matibabu, ambazo nchi ilizitungia sheria Februari 2017. Ukitaka kujiunga, uliza vituo gani vinapokea kadi yake, utangoja miezi mingapi kabla ya kuanza kutibiwa, utachangia asilimia ngapi kila ukienda, na magonjwa gani hayalipiwi. Kosa kubwa ni kujiunga mtu akishaugua: kipindi cha kungojea hakijaisha, kwa hiyo analipa mchango na matibabu pia. Kosa la pili ni kuruka kituo cha afya na kwenda moja kwa moja hopitali kubwa bila barua ya transferi, yaani ya kituo kukutuma huko. Mara nyingi bila barua hiyo hawalipi.

Na kama mmoja wenu ana mkataba wa kazi, soma mkataba huo. Sheria ya kazi ya 2002 inamtaka mwajiri kugharimia matibabu ya mfanyakazi, mwenzi wake wa ndoa na watoto wake. Wengi wanalipa mfukoni kwa sababu hawakupeleka vyeti vya kuzaliwa na cheti cha ndoa kwa ofisi ya wafanyakazi. Pelekeni sasa, mkiwa wazima.

Jua bei kabla ya homa

Siku ya wiki isiyo na kazi nyingi, mama au baba aende kituo cha afya cha karibu na aulize: fishi ni bei gani mchana na usiku? Mnatoza kila kitu peke yake, au mna forfe, yaani bei moja inayofunika kumwona muuguzi, vipimo na dawa? Mgonjwa akizidiwa mnamtuma hopitali gani? Hapo wanadai kosyo, yaani pesa ya dhamana, ya kiasi gani kabla ya kitanda? Majibu yaandikwe nyuma ya lile daftari. Kosyo ya hopitali, pamoja na taksi ya usiku, ndiyo kiwango cha kwanza ambacho mfuko wa afya unapaswa kufikia. Ukifika hapo, unaweza kuanza kulala usingizi.

Uliza pia kisicholipiwa. Chanjo za watoto za programu ya taifa, dawa za kifua kikuu na dawa za virusi vya Ukimwi hutolewa bure. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili asipoteze pesa kwa sirupu za mtaani. Apimwe makohozi.

Mahali pesa inapovuja

Kuchelewa ndiko kunakula pesa kuliko kitu chochote. Mtoto mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka cha damu ya kidole huchukua kama dakika 15 hadi 20. Malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge vya siku tatu. Artemetha-lumefantrini ni dozi sita: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, karanga au maziwa, ili dawa iingie vizuri mwilini. Kinachoharibika ni siku ya pili: homa imeshuka, mtoto anacheza, mama anaficha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Wiki mbili baadaye homa inarudi na gharama inaanza upya. Mtoto anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya au kunywa, aliyepata degedege au anayelegea hangoji asubuhi. Ndiyo kazi ya zile noti za ndani ya kitabu.

Anayeharisha: changanya pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na maji safi, nyingi ni za lita moja, soma kwenye pakiti. Mtoto apewe pia zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita. Pakiti mbili za ORS zikae nyumbani wakati wote wa mvua, kwa sababu kipindupindu kinapotokea mtaani, saa chache tu zinatosha kumkausha mtu.

Kuna pesa nyingi pia zinazopotea kwa "tifoide" (homa ya matumbo). Kipimo cha damu cha Widal kilichofanywa mara moja hakithibitishi ugonjwa huo, lakini watu wanalipishwa sindano za siku saba kwa sababu yake. Uliza bila aibu: malaria imepimwa? Kuna njia nyingine ya kuhakikisha?

Halafu magonjwa ya kudumu. Presha na kisukari si dharura, ni bili ya kila mwezi, kwa hiyo zitoke kwenye matumizi ya nyumba na si kwenye mfuko wa afya. Mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, ununue jenerike, vidonge vya siku 30 kwa pamoja, katika pakiti yenye tarehe. Usinunue vya kuhesabiwa mkononi barabarani. Anayeacha dawa ya presha kwa sababu "najisikia vizuri" anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Kiharusi kimoja kinaondoa kipato cha mtu mmoja na kumfunga mwingine nyumbani kumlea. Nyumba yenye mtoto mwenye sikoseli ijue kwamba baridi huleta maumivu, kwa hiyo mfuko ujae kabla ya Juni: sweta, maji ya kunywa mengi, dawa zake bila kukosa.

Kalenda ya Lubumbashi

Miezi haifanani, na mpango usiojua hilo huvunjika. Kuanzia Novemba hadi Machi mambo matatu hukutana: malaria ya mvua, bei ya unga kupanda kwa sababu mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajavunwa, na sikukuu. Septemba ni shule. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sare, madaftari na minervali ya sekondari bado ni yako. Kwa hiyo akiba kubwa iwekwe Aprili hadi Julai. Miezi ya mvua usijilaumu kwa kuweka kidogo.

Njia moja ya kuweka akiba bila kushika pesa ni kununua mahindi baada ya mavuno, Mei au Juni. Gunia mbili za kilo 50 hulisha nyumba ya watu sita karibu wiki saba. Yachague makavu: uma punje, ikivunjika kwa mlio mkali ni nzuri, ikibonyea chini ya jino itaota ukungu. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono, na uyafungue kila wiki mbili kuangalia wadudu. Ukiona unga mweupe chini ya gunia, wadudu wameingia. Anika juani, pepeta, usage mapema. Usichanganye mahindi ya kula na dawa ya mbegu.

Pigo likifika

Siku ya kwanza mtu anapolazwa, amua nani analala hospitalini, nani anabaki na watoto, na nani anashika pesa. Mtu mmoja tu ashike pesa na risiti zote, na aandike. Mchango wa jamaa nao uandikwe, jina na kiasi. Ndiyo inayozuia maneno baadaye.

Pesa zitoke kwa mpangilio huu: mfuko wa afya kwanza, kisha sanduku la mshikamano la chama, kisha mchango wa ndugu. Halafu simamisha lengo na uchukue lililokwisha kuwekwa. Hakuna aibu, parseli itangoja. Baada ya hapo omba avansi kazini, au mkopo wa chama kwa riba inayojulikana. Uza kitu kisichozalisha, kama televisheni. Mtaji uwe wa mwisho.

Angalia hesabu. Mama anauza ndakala kavu (samaki wadogo) soko la Kenya kwa mtaji wa dola 80, anabaki na faida ya dola 4 kwa siku. Kwa siku 26 ni dola 104. Akitoa zile 80 kulipa hopitali, nyumba inapoteza 104 kila mwezi hadi atakapopata mtaji tena. Akikopa 80 kwenye chama kwa riba ya 10 kwa mia kwa mwezi na kurudisha baada ya miezi miwili, amelipa riba ya 16. Mkopo unauma, lakini unauma kidogo kuliko meza tupu. Hesabu hii haifai kwa Banque Lambert, yule mkopeshaji wa mtaani ambaye 100 hurudi 150 mwisho wa mwezi, huku ameshika kadi yako ya benki. Huko usiende, hata ukilia.

Na kama mgonjwa ndiye muuzaji? Awepo mtu mmoja, dada, mtoto mkubwa, jirani wa meza, anayejua bei ya kununulia, bei ya kuuzia, na majina ya wanaodaiwa. Afundishwe mapema, siku moja kwa wiki. Nyanya na mboga ziuzwe zote siku ile ile hata kwa hasara. Ndakala, maharagwe na unga vinaweza kungoja.

Ukiona bili inazidi uwezo, zungumza na ofisi ya hopitali siku ya pili, usingoje siku ya kutoka. Omba hesabu ya kila siku kwa maandishi, uliza kipimo kipi ni cha lazima leo, na kama huduma ya jamii ipo hapo, mwone mhusika wake. Ahadi ya kulipa kwa awamu iandikwe, na kiasi cha kila mwezi kiwe kile unachoweza kweli. Wagonjwa wanaozuiliwa baada ya kupona huongeza deni kila siku wanayolala.

Kurudi kwenye lengo

Mgonjwa akipona, watu hutaka kulipia miezi iliyopotea kwa mara moja, wanabana chakula, na mwili uliodhoofika unaugua tena. Jaza mfuko wa afya kwanza hadi ufikie kosyo. Deni lenye riba lifuate, kisha lengo kwa nusu ya kiasi cha zamani kwa miezi mitatu.

Gawa lengo katika vipande ambavyo ugonjwa hauwezi kuharibu. Kwa parseli, matofali yaliyochomwa hungoja miaka bila kuharibika. Saruji hushika unyevu na kuwa jiwe ndani ya miezi michache ya mvua, basi nunua mifuko siku fundi yuko tayari, si kabla. Kwa shule, lipa muhula mmoja mmoja na udai risiti yenye mhuri.

Na yule aliyelala hospitalini akimlinda mgonjwa wiki nzima apewe siku mbili za kulala kabla ya kurudi sokoni, hata kama mauzo ya siku hizo yatapotea.